Maboksi saba ya vitabu kwenda Ukerewe: nibebe au nibaki na Kindle? Na kwa nini ninachosoma humo hakikai kichwani?

#1 Dada wa Nyegezi
Habari za jioni wakuu.

Mwisho wa mwezi nahamia Nansio, kule Ukerewe, kikazi. Nina maboksi saba ya vitabu, yale maboksi ya rimu za karatasi, kila moja limejaa hadi mdomoni. Mdogo wangu kabeba mawili kutoka chumbani hadi sebuleni, kakaa chini, kafuta jasho, kaniambia: "Dada, hivi vyote si vinaingia kwenye kile kidude chako?" Anataka niuze vyote nibaki na Kindle, kile kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki.

Ana hoja, na kidude ninakipenda. Lakini kuna jambo linanisumbua. Mwaka jana nilisomea humo vitabu 31, nimevihesabu. Jana usiku nikajiuliza kila kimoja kilihusu nini. Tisa nikavieleza vizuri. Kama kumi hivi nakumbuka jina na mwandishi, basi. Vilivyobaki nikikutana navyo njiani siwezi hata kuvisalimia. Halafu kuna kitabu cha karatasi nilichoazima kwa binamu yangu Geita mwaka 2004, jalada limeng'oka. Nakumbuka mpaka ukurasa ambao yule mama anapokea barua: upande wa kushoto, karibu na chini, pembeni kuna duara la kikombe cha chai.

Ni mimi tu? Na kama si mimi tu, nini kinasababisha? Majibu yenu ndiyo yataamua kama maboksi yanapanda meli.

#2 Fundi wa Makoroboi
Sio wewe tu dada. Niko hapa nasubiri wajuzi.

#3 Kijana wa Malimbe
Uza. Mimi niko chuo mwaka wa tatu, sijanunua kitabu cha karatasi hata kimoja, na bado nafaulu. Madesa yote yako kwenye simu. Hata Kindle ilipotoka 2010 watu walilia hivihivi kwamba karatasi inakufa, mbona wamezoea? Tatizo ni umri tu, ubongo wa 2004 si ubongo wa leo.

#4 Nesi wa Zamu ya Usiku
Kijana, Kindle ya kwanza ilitoka tarehe 19 Novemba 2007, si 2010. Iliuzwa dola 399, na mzigo wa kwanza uliisha ndani ya saa tano na nusu. Na kabla yake vitabu vya kwenye kompyuta vilikuwepo: Michael Hart alianza kuviweka mwaka 1971 kule Marekani, ule mradi wa Gutenberg. Hili jambo limekuzidi umri.

Ila hoja yako ya umri naiheshimu. Dada wa Nyegezi, ulikuwa na miaka mingapi 2004?

#5 Dada wa Nyegezi
Kumi na sita.

#6 Kijana wa Malimbe
Si nilisema? Ungesoma hata lebo ya sabuni ukiwa na miaka 16 ungeikumbuka leo.

#7 Mwalimu wa Misungwi
Naomba niingie hapo. Umri una sehemu yake, lakini hauelezi lile duara la chai.

Karatasi ina mahali. Unapokishika kitabu, dole gumba la kushoto linajua umesoma unene gani, la kulia linajua umebakiza unene gani. Barua ilikuwa kushoto, chini, karibu na katikati ya kitabu. Hiyo ni anwani kamili, na ubongo unaitunza kama unavyotunza njia ya kwenda kisimani. Kwenye kifaa kila ukurasa uko palepale, juu ya kioo kilekile. Kila kitu kimetokea mahali pamoja, kwa hiyo ni kama hakikutokea popote.

Hata watafiti wamelisema. Mwaka 2018 kundi la watafiti wa Hispania na Israel lilikusanya tafiti 54, jumla ya washiriki zaidi ya 170,000, wakakuta waliosoma kwenye karatasi walielewa zaidi kuliko waliosoma kwenye skrini. Kesi imekwisha.

#8 Mama Steshenari
Mwalimu umenena. Nina duka la kopi karibu na chuo. Hao hao wanaosema madesa yako kwenye simu, ikibaki wiki moja mtihani wanapanga foleni kwangu na flashi. "Mama nichapie hii, weka spairo." Kurasa 180, 200. Nawauliza, si unayo kwenye simu? Wananiambia, "Mama, hii haiingii mpaka nipige mstari kwa kalamu."

Kijana wa Malimbe, inawezekana na wewe nakujua kwa sura.

#9 Kijana wa Malimbe
Mama, nilikuja mara mbili tu. 😂

#10 Nesi wa Zamu ya Usiku
Mwalimu, samahani, kesi haijaisha. Huo utafiti nilishausoma. Tofauti waliyoikuta ilikuwa kwenye maandishi ya kujifunza, vitabu vya maarifa, hasa msomaji anapobanwa na muda. Kwenye hadithi hawakukuta tofauti. Sasa Dada wa Nyegezi hajasema, hivyo vitabu 31 ni vya aina gani?

#11 Dada wa Nyegezi
Riwaya 26. Vitano ni vya kazi. Na hivyo vya kazi ndivyo nilivyovikumbuka, vyote vitano!

#12 Nesi wa Zamu ya Usiku
Basi kwako imepinduka kabisa. Utafiti haukusaidii dada.

#13 Mwalimu wa Misungwi
Nakubali kusahihishwa, asante nesi. Lakini dole gumba siliachi. Vya kazi alivikumbuka kwa sababu alivitumia kesho yake ofisini. Riwaya huitumii popote, lazima ijishikize mahali penyewe.

#14 Mzee wa Igoma
Wanangu, niwaambie nilivyoona mimi.

Mwaka 1968 mradi wa kisomo wa UNESCO ulianzia huku kwetu kanda ya Ziwa, makao yake yakiwa Mwanza. Mama yangu alijifunza kusoma humo akiwa mtu mzima. Baadaye likaja gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho. Nakala inafika moja, nyumba ziko kumi na mbili. Jioni tunakaa uani, koroboi katikati, mimi mtoto wa shule ndiye msomaji. Moshi wa koroboi ulikuwa unaniingia puani hadi asubuhi napiga chafya nyeusi. Nikikosea neno, mzee mmoja alikuwa anagonga fimbo chini: "Rudia hapo." Nikimaliza wanaanza kubishana. Huyu anasema mbolea ya samadi inatosha, yule anasema shamba la pamba la fulani mbona lilikauka. Wanabishana mpaka ng'ombe walale.

Ninakumbuka makala za gazeti lile kuliko habari nilizosikia juzi. Si kwa ajili ya karatasi, ni kwa ajili ya wale watu. Kilichosomwa na mmoja kimya kimya usiku, nani atakukumbusha? Binti, hicho kitabu cha binamu yako mlikisoma wangapi?

#15 Dada wa Nyegezi
Shikamoo mzee. Tulikisoma sita. Tulikuwa tunapokezana, kila mtu siku mbili, anayechelewa anafua sare za wenzake.

#16 Mzee wa Igoma
Marahaba. Basi umeshajijibu.

#17 Mvuvi wa Igombe
Mimi nina sababu nyingine, harufu.

Sisi wa dagaa tunafanya kazi usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa dagaa hawaifuati taa, kwa hiyo tunapumzika siku kadhaa, na mimi ndipo ninaposoma. Mwaka juzi kitabu kilidondokea ndani ya mtumbwi, kwenye yale maji ya chini. Nilikitoa kimelowa kama mkate kwenye chai. Asubuhi nikakianika juu ya jiwe pembeni ya dagaa, nikafungua kurasa mbili mbili kwa kisu cha kuparia samaki, naweka kijiti katikati zisigandane. Siku tatu. Kilivimba kikawa mara mbili ya unene wake, hakifungi tena, na kinanuka dagaa mpaka leo. Nikikishika tu, hadithi yote inarudi hata kabla sijafungua.

Kindle hainuki kitu.

#18 Fundi wa Makoroboi
Mvuvi, hapo nimesikia harufu hadi huku mjini.

Ila wadau, mnachanganya vitu viwili na mimi kama fundi siwezi kunyamaza. Simu na Kindle si kitu kimoja. Kioo cha simu ni taa, kinakumulika usoni. Kindle na ndugu zake kama Kobo wana wino kweli. Ndani ya kioo kuna vifuko vidogo sana, vyembamba kama unywele, na ndani ya vifuko mna chembe nyeupe na nyeusi zenye chaji tofauti. Umeme ukipita, moja inapanda juu, nyingine inazama. Ukishafungua ukurasa, chembe zinakaa zilivyo bila kula umeme mpaka ufungue mwingine. Ndiyo maana chaji inakaa wiki. Juani kwenye mwamba pale Bismarck unasoma vizuri, wakati simu inageuka kioo cha kujitazama.

Kwa hiyo anayesema macho yanauma kwa sababu ya simu, asiitupie lawama Kindle.

#19 Dada Pasiansi
Na usingizi je? Nimesoma kwamba vifaa hivi vinaharibu usingizi, wamethibitisha Harvard.

#20 Nesi wa Zamu ya Usiku
Dada Pasiansi, ule utafiti wa 2014 ulitumia iPad, kifaa kinachomulika, tena kwa muda wa saa nne kila jioni, na washiriki walikuwa 12 tu. Fundi ametoka kueleza tofauti. Mimi usingizi wangu umeharibiwa na zamu, na hiyo haina utafiti wa kunibembeleza.

#21 Dada Pasiansi
Sawa, nimeelewa. Lakini dada asiuze kwa haraka, na pia asidhani boksi ni salama. Mimi nilipata msiba wa vitabu. Nilisafiri miezi minne, nikaacha boksi mbili juu ya sakafu, zimegusa ukuta. Niliporudi boksi kwa nje zilikuwa safi kabisa, hata gundi ya karatasi inang'aa. Nikainua moja, ikaja nyepesi kama ya mikate. Mchwa waliingia kwa chini kupitia ufa wa sakafu, wakala kurasa wakaacha majalada. Vitabu thelathini na kitu, vingine vya marehemu baba vyenye mwandiko wake pembeni. Nilikaa pale sakafuni nikalia kama mtoto.

Mwandiko wa baba ungekuwa kwenye picha za simu ningekuwa nao leo. Hilo ndilo ninalojutia, si karatasi.

#22 Mama Steshenari
Pole sana mdogo wangu. 😢

#23 Mwalimu wa Misungwi
Pole dada. Weka juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta, pitisha majivu chini. Kwetu tunafanya hivyo na magunia ya mpunga.

#24 Kijana wa Malimbe
Hii ndiyo hoja yangu tangu mwanzo. Karatasi inaliwa, inalowa, inaibiwa. Kindle Paperwhite tangu toleo la 2018 inakaa dakika 60 chini ya maji ya mita mbili, maji yasiyo na chumvi, na ziwa letu halina chumvi! Uzito ni gramu 200 na kidogo. Karatasi moja ya A4 ya kawaida ni gramu tano, kwa hiyo kifaa chenye maktaba nzima ni sawa na karatasi arobaini. Maboksi saba ya nini jamani?

#25 Mwenyeji wa Nansio
Nimechelewa uzi huu. Dada wa Nyegezi, karibu sana kisiwani.

Naomba ubebe maboksi yote. Nakuomba kabisa. Nifafanue.

Hapa ni kwa Mzee Aniceti Kitereza. Aliandika riwaya yake kwa Kikerewe, akaimaliza 1945. Hakupata wa kuichapa. Akaja kuitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikatoka 1980 Tanzania Publishing House. Miaka 35! Mwaka uliofuata akafariki. Ni karatasi ndizo zilizoilinda kazi ile miaka yote hiyo, nyumba ya kawaida, kisiwa chenye unyevu, hakuna betri wala nywila. Kama angeandika kwenye kifaa cha mwaka ule tungeisomea wapi leo?

Na Kezilahabi ni wa hapahapa, Namagondo. Kisiwa kilichotoa waandishi wa namna hiyo, lakini ukizunguka Nansio leo unatafuta riwaya ya Kiswahili ya kununua, unapata daftari, kalenda na vitabu vya mazoezi ya darasa la saba. Maboksi yako saba yatakuwa maktaba ya mtaa. Watoto wangu wawili watakuwa mlangoni kwako siku ya kwanza.

#26 Kijana wa Malimbe
Mkuu, kwa heshima, mfano wa Kitereza mimi naugeuza. Alisubiri miaka 35 kwa sababu ya karatasi! Kuchapa ni gharama, mchapishaji akaogopa hasara. Angekuwa hai leo angeiweka mtandaoni Jumatatu, Jumanne Wakerewe walioko Toronto wanaisoma.

#27 Mwenyeji wa Nansio
Hapo umenishika, sikatai. Ila jiulize, miaka 35 baadaye lile faili lingefunguka?

#28 Mhariri Mstaafu
Swali la #27 ndilo zito kuliko yote na limepita haraka.

Kitabu cha karatasi ukilipia ni chako. Unaazima, unauza, unarithisha. Cha kwenye kifaa mara nyingi unauziwa ruhusa ya kusoma tu. Julai 2009 Amazon walifuta vitabu viwili vya George Orwell kutoka kwenye Kindle za watu waliokwishalipia, kwa sababu aliyeviuza hakuwa na haki navyo. Walirudisha pesa, wakaomba radhi, lakini mkono ulikwishaingia kabatini. Mwaka 2019 Microsoft walifunga duka lao la vitabu, na vitabu vyote vikaacha kufunguka. Na Februari 2025 Amazon wakaondoa ile njia ya kushusha kitabu ulichonunua ukakitunza kwenye kompyuta yako. Dada Pasiansi kaliwa na mchwa wa sakafuni, huu ni mchwa wa aina nyingine.

Njia ya kati ni kununua EPUB, yaani faili za vitabu, zisizo na kufuli pale zinapopatikana, na kutunza nakala sehemu mbili. Programu ya Calibre ni ya bure na inazipanga vizuri.

#29 Fundi wa Makoroboi
Nakazia. Na mjue Kindle ikipasuka kioo kwa ndani, hapa mjini kupata kingine ni shughuli. Naletewa zina mistari kama pundamilia, namrudishia mwenye nayo, namwambia pole.

#30 Anayeandika Riwaya
Naomba nami nisikike. Mnabishana karatasi na kifaa kana kwamba vitabu vinaota.

Nilitoa riwaya yangu ya kwanza kwa pesa yangu, nakala 500. Wiki ya tatu mtu akaipiga picha ukurasa kwa ukurasa, akatengeneza PDF, ikaingia kwenye makundi ya WhatsApp. Unaona kabisa kidole gumba chake kwenye ukurasa wa 61. Watu wananitumia ujumbe: "Hongera, nimeipata ya bure, ni nzuri sana." Nakala 340 bado ziko chini ya kitanda changu. Kila nikilala nalala juu yake.

Sheria ya hakimiliki ya 1999 ipo, inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Lakini nitamshitaki nani, kidole gumba? Nawaomba, kwa moyo wote, mkiona PDF ya mwandishi wa Kitanzania aliye hai, msiisambaze. Muulizeni anauzaje. Mimi ningewauzia softikopi kwa bei ya soda mbili na ningefurahi.

#31 Mzee wa Igoma
Mwanangu, niandikie faragha. Nataka mbili za karatasi. Moja ya mjukuu.

#32 Mama Steshenari
Na mimi tano niziweke dukani. Kuanzia leo, anayeniletea PDF ya namna hiyo nichape, namrudisha. Nilikuwa siangalii, nakiri.

#33 Kijana wa Malimbe
Nimekaa kimya dakika kumi baada ya #30. Nadhani ninayo hiyo PDF, ya kidole. Nitalipa mkuu, nitumie namba.

Na labda hapa ndipo jibu la Dada lilipo. Vya bure havikai. Nina vitabu elfu mbili na mia kwenye simu, nimemaliza kama ishirini. Nikichoshwa ukurasa wa tatu naruka kingine.

#34 Dada wa Nyegezi
Mimi vyangu vyote 31 nililipia, kwa kadi ya mtandao ya kwenye simu. Kwa hiyo bado. Lakini kuruka ruka ninako, hilo kweli.

#35 Mwalimu wa Misungwi
Mnisamehe narudi shuleni. Baada ya sensa ya 2022 vile vishikwambi walivyotumia makarani waligawiwa walimu. Changu kina vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu kutoka maktaba yao ya mtandao. Darasa lina watoto 94 na vitabu vya karatasi 11. Bila kishikwambi nisingeandaa somo. Kwa hiyo mimi wa dole gumba kifaa nakihitaji kuliko nyote. Watoto wanasoma kile ninachonakili ubaoni kutoka kwenye kioo.

#36 Dereva wa Sengerema
Mie nilikuwa nasoma kwenye foleni ya kivuko Kigongo. Saa nzima, wakati mwingine mbili, kitabu juu ya usukani, muuza mahindi ananigongea kioo. Daraja limefunguliwa Juni 2025, sasa kilomita tatu navuka kwa dakika chache. Tangu siku hiyo sijamaliza kitabu hata kimoja. Nalishukuru daraja, wagonjwa wanavuka bila kusubiri, lakini muda wangu wa kusoma ulibaki kwenye kivuko.

#37 Mvuvi wa Igombe
Njoo uvue dagaa.

#38 Dada Pasiansi
Hilo la Dereva liko karibu na swali kuliko mnavyodhani. Labda tunakumbuka tulikosomea. Dada, 2004 ulisomea wapi, na hivi 31 ulisomea wapi?

#39 Dada wa Nyegezi
2004 juu ya mwembe. Hivi 31, kitandani, taa imezimwa. Hata wadudu wa ziwani wakija wingu zima dirishani sisumbuki, napunguza mwanga wa kifaa hadi mwisho. Zamani nilikuwa nawasha taa wanajaa ukurasani, nafunga kitabu wanabaki wamebanwa mle. Kuna riwaya moja, nikiifungua leo, kuna mdudu mkavu kila baada ya kurasa chache, mabawa yake meupe kama karatasi ya sigara. Na naam, nayo naikumbuka yote.

#40 Kondakta wa Buhongwa
Mimi si msomaji mkubwa lakini nimeona kitu. Dada mmoja hupanda gari letu na hiyo Kindle. Akiiwasha inafungukia pale alipoishia, jalada haonyeshwi. Siku moja nikamuuliza anasoma nini, akafikiri kidogo, ikabidi arudi mwanzo atazame jina. Mwenye kitabu cha karatasi, jina analiona kila akikitoa kwenye begi, na sisi tunaliona, tunamuuliza kinahusu nini, anatueleza hadi Mkolani. Huyo atasahau saa ngapi?

#41 Mwalimu wa Misungwi
Kondakta, mimi na nesi tumezunguka na tafiti, wewe umeliona kwenye siti.

#42 Nesi wa Zamu ya Usiku
Nzuri, lakini inajaribika. Kifaa kinaweza kuwekwa kionyeshe jalada kikiwa kimezimwa. Mimi nimefanya hivyo tangu mwaka juzi na bado nasahau.

#43 Dada wa Nyegezi
Wabeja sana wote. Mrejesho.

Jumamosi nimepanda meli. Nilipeleka maboksi manne bandarini kwa mkokoteni, moja nimeliacha kwa Dada Pasiansi juu ya chaga, moja nimempa Mama Steshenari aazimishe wanafunzi. La saba lilikuwa vitabu vya kazi ambavyo ninavyo kwenye Kindle pia, nikauza. Kabla ya kufunga nilikaa na simu usiku mzima nikapiga picha kila ukurasa wenye mwandiko wa mtu: wa mama, wa binamu, wa mwalimu wangu wa Kiswahili. Hilo nimejifunza kwako Dada Pasiansi.

Melini nilikaa na Kindle mkononi kama saa moja, halafu nikatoa riwaya ya Anayeandika Riwaya. Mzee mmoja mbele yangu, ana tenga la nyanya, akainamisha shingo asome jalada. "Hicho kinahusu nini?" Nikamweleza. Akabisha kwamba mwanamke yule asingeondoka nyumbani na mtoto mgongoni usiku. Tukabishana hadi tukaona miti ya Nansio.

#44 Mzee wa Igoma
Si ndiyo hayo.

#45 Kijana wa Malimbe
Hiyo ni safari, si karatasi. Ungeikumbuka hata ungesomewa kwa simu.

#46 Anayeandika Riwaya
Anaondoka usiku kwa sababu mchana angeonekana, mwambie huyo mzee asome hadi sura ya tisa.

#47 Mwenyeji wa Nansio
Watoto wamekuja kwako jana jioni wamekukosa. Umefungua maboksi? Mkubwa anataka chenye mdudu.